Je, Wajua? Afisa Akifanyia Kazi Nyumbani, Baba Dogo Inahudumiwa na Nani?

Baba Dogo ni mtaa wa watu wanaoamkia kazi. Alfajiri barabara hujaa wanaotembea kwa miguu kuelekea viwandani na wanaokimbilia matatu za mjini, na jioni wote hurudi kwa njia ile ile. Mashine ya kiwandani haibebeki, kwa hivyo mwenye kibarua humo hana la kuchagua. Lakini miongoni mwa wapangaji wa ghorofa hizi wamo pia karani wa wizara, mwalimu, muuguzi wa kaunti na askari. Tangu mwaka 2020, baadhi ya watumishi wa umma kama hao wamewahi kuambiwa wafanyie kazi zao nyumbani, au wagawe wiki kati ya nyumba na ofisi. Haya hapa ni mambo ambayo huenda hukuyajua kuhusu mpango huo, na jinsi unavyomgusa mkazi wa mtaa kama huu.

Je, wajua kwamba agizo lenyewe lilikuja siku mbili tu baada ya corona kutangazwa Kenya?

Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kisa cha kwanza nchini. Jumapili, tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zifungwe na akazitaka ofisi za serikali na kampuni ziwaruhusu wafanyakazi wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wa huduma muhimu. Kufikia tarehe 27 mwezi huo, kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilikuwa imeanza.

Mara nyingi husemwa kwamba mpango huo ulijaribiwa mwaka 2020 ukashindwa, au ukafaulu. Ukweli ni kwamba haukujaribiwa kwa haki. Shule zilibaki zimefungwa hadi Oktoba 2020 kwa madarasa machache ya mitihani, na hadi tarehe 4 Januari 2021 kwa wengine wote. Fikiria karani anayeishi katika bedsita ya Baba Dogo: meza ni moja, na juu yake pana faili za ofisi, vitabu vya watoto wawili na sufuria ya chai. Jirani wa juu anaburuta kitanda, kondakta anaita abiria barabarani, na bando linaisha katikati ya mkutano. Kumpima mtu kwa miezi ile ni kupima janga, si kupima mpango wa kazi.

Je, wajua kwamba umri uliwahi kuamua nani abaki nyumbani?

Tarehe 4 Novemba 2020, wakati maambukizi yalipopanda tena, Rais aliagiza watumishi wa umma waliozidi miaka 58, pamoja na wenye maradhi ya awali, wafanyie kazi nyumbani mara moja, isipokuwa wanaotoa huduma za lazima. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma nchini Kenya ni miaka 60, na 65 kwa watu wenye ulemavu. Kwa hivyo wengi wa walioondolewa ofisini walikuwa wazee wa kazi katika miaka yao ya mwisho, wale wanaojua faili ya mwaka 1995 iko kabati gani. Agizo lilikuwa la kuokoa maisha, na lilistahili. Lilionyesha pia jambo ambalo serikali inapaswa kulishughulikia bila kungoja janga lingine: ujuzi wa ofisi nyingi umehifadhiwa vichwani mwa watu, na mtu akitoka mlangoni hutoka nao.

Je, wajua kwamba sheria iliyoipa nguvu saini ya kielektroniki ilitiwa saini siku tatu baada ya agizo la kwanza la Machi 2020?

Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ya mwaka 2020 iliidhinishwa tarehe 18 Machi 2020. Haikuandikwa kwa sababu ya corona. Ilikuwa imeandaliwa mapema ili kurahisisha kufanya biashara, ikakubali saini za kielektroniki katika mikataba na kuondoa ulazima wa kampuni kuwa na muhuri. Lakini ilifika wakati mwafaka. Afisa hawezi kufanyia kazi nyumbani ikiwa kila karatasi lazima ipigwe muhuri wa mpira ulio kwenye droo ya ofisi. Kila mkazi aliyewahi kuambiwa "mwenye muhuri hayuko, rudi kesho" anaelewa uzito wa badiliko hilo.

Je, wajua kwamba mahakama ndizo zilizogeuka haraka kuliko wengi walivyotarajia?

Mwezi huo huo wa Machi 2020, Jaji Mkuu David Maraga alipunguza shughuli za mahakama, na kesi zikaanza kusikizwa kwa njia ya video. Tarehe 1 Julai 2020 mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao ulizinduliwa jijini Nairobi. Tarehe 11 Machi 2024, Jaji Mkuu Martha Koome aliueneza nchi nzima.

Faida yake si ya hakimu peke yake. Mtu wa kibarua anayelipwa kwa siku, akiitwa kortini ili kesi itajwe tu kwa dakika tano, hupoteza mshahara wa siku nzima na nauli juu yake. Akiweza kuitika kwa simu wakati wa mapumziko, siku yake imeokolewa. Hapa ndipo mpango wa kazi ya mbali unapoonyesha thamani yake: umbali unapungua kwa pande zote mbili.

Je, wajua kwamba moja ya hatua kubwa za kuondoa makaratasi serikalini ilizinduliwa hapa hapa Ruaraka?

Baba Dogo ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Ruaraka, pamoja na Utalii, Mathare North, Lucky Summer na Korogocho. Upande wa barabara ya Thika, katika makao ya kazi za nyanjani ya Idara ya Upimaji wa Ardhi, ndipo Rais Kenyatta alipozindua mfumo wa Ardhisasa tarehe 27 Aprili 2021. Lengo lilikuwa kuhamisha rekodi za ardhi, kuanzia na za Nairobi, kutoka masijala za karatasi hadi kwenye mtandao.

Umuhimu wake kwa mada yetu ni huu: faili ya karatasi inaweza kushikwa na mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, na inaweza "kupotea". Rekodi ya kidijitali inaweza kufunguliwa na afisa aliye Ruaraka, Kitale au nyumbani kwake, na mfumo ukiwa umetengenezwa vizuri huacha alama ya nani aliifungua na saa ngapi. Bila kwanza kuhamisha faili, kumhamisha mfanyakazi ni kumpa likizo.

Je, wajua kwamba kuna watumishi zaidi ya 100,000 wa afya ambao ofisi yao ni nyumba za watu wengine?

Tarehe 25 Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii kote nchini. Kila mmoja alipewa mkoba wenye vifaa kama mashine ya kupima shinikizo la damu, kipimo cha sukari, kipimajoto na utepe wa kupima mkono wa mtoto ili kujua kama ana utapiamlo. Alipewa pia simu yenye programu ya kunakili taarifa. Posho yao ilipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti.

Mtazame mhudumu huyu akiwa kazini katika mtaa wa ghorofa. Anapanda ngazi zisizo na taa hadi ghorofa ya tano, anabisha hodi, anakaribishwa kwenye ukingo wa kitanda kwa sababu kiti ni kimoja na amekikalia nyanya mgonjwa. Anamfunga mkono, mashine inavuma, anasoma nambari mbili na kuzinakili kwenye simu. Kituoni, muuguzi anaweza kuona taarifa hiyo bila nyanya kushuka ngazi hata moja. Hiyo ni kazi ya mbali ya serikali katika sura yake bora. Ajabu ni kwamba tukizungumzia mipango ya kufanya kazi nje ya ofisi, huwafikiria watu wenye tarakilishi za mkononi kwanza, na kuwasahau hawa wanaolipwa kidogo kuliko wote.

Je, wajua kwamba huduma ikihamia mtandaoni, gharama inaweza kuhamia kwa mwananchi?

Jukwaa la eCitizen lilianza mwaka 2014. Tarehe 30 Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma 5,000 zimewekwa humo, na malipo yakaelekezwa kwenye nambari moja, 222222. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 27 Julai, jukwaa hilo lilishambuliwa na wadukuzi na huduma zikakwama.

Sasa tazama upande wa pili. Sensa ya mwaka 2019, ya kwanza ya Kenya kutumia vishikwambi badala ya karatasi, ilionyesha kuwa asilimia 22.6 tu ya watu wa umri wa miaka mitatu na zaidi walikuwa wakitumia intaneti, na asilimia 10.4 wakitumia kompyuta. Mambo yamesonga tangu hapo, lakini mitaani bado saiba, yaani duka la intaneti, ndiyo dirisha la serikali kwa wengi. Mzee anayetaka nakala ya cheti cha kuzaliwa huketi kando ya kijana wa saiba, akataja jina lake, nambari ya kitambulisho na wakati mwingine hata neno la siri mbele ya foleni nzima. Kisha hulipa ada ya serikali, na juu yake hulipa ada ya saiba.

Vijana wa saiba wanafanya kazi muhimu na ya halali. Lakini ni haki kuuliza: ikiwa kaunta ya serikali imefungwa kwa sababu huduma iko mtandaoni, na karani anafanyia kazi nyumbani, basi kazi ya kaunta imekwenda wapi? Sehemu yake imekwenda saiba, na anayeilipia ni mwananchi.

Je, wajua kwamba kazi ya afisa aliye nyumbani inategemea nyaya zilizo chini ya bahari?

Kenya ilianza kupata intaneti ya kasi kupitia nyaya za baharini mwaka 2009, wakati TEAMS na kisha SEACOM zilipofika Mombasa. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, kwa bei ya juu. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu kwenye nyaya za EASSy na SEACOM ilipunguza kasi ya intaneti Afrika Mashariki nzima. Upande wa stima nao una historia yake: tarehe 25 Agosti 2023 giza liliikumba sehemu kubwa ya Kenya, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaathirika.

Ofisi kuu huwa na jenereta. Nyumba ya karani haina. Mpango wa kweli wa kazi ya mseto lazima useme nani analipia bando, nani ananunua tokeni, na afisa aende wapi mtandao ukikatika. Vinginevyo mzigo wa ofisi unabebwa na mshahara wa mtu.

Je, wajua kwamba siri yako inasafiri pamoja na faili?

Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba 2019, miezi minne tu kabla ya watumishi kupelekwa nyumbani. Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Sheria hiyo inamtaka anayeshika taarifa zako azilinde, na wajibu huo hauishii kwenye lango la ofisi. Matokeo ya kipimo cha hospitali, kesi ya mtoto au taarifa za kodi zikifunguliwa kwenye simu inayotumiwa na familia nzima, au zikijadiliwa kwa sauti kwenye ploti ambamo ukuta mwembamba ndio unaotenganisha majirani, aliyeumia ni mwananchi ambaye hakuulizwa.

Je, wajua kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya iliandikwa kabla simu janja kuenea?

Sheria hiyo ni ya mwaka 2007, mwaka ule ule M-Pesa ilipozinduliwa. Inazungumzia saa za kazi, likizo na mapumziko kwa mtu anayefika kazini na kuondoka. Baada ya corona, Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alileta mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutopokea simu na ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi. Wazo hilo linastahili kuungwa mkono, maana mtu anayefanyia kazi nyumbani hana mlango wa kufunga saa kumi na moja jioni.

Kuna pia Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inayowataka waajiri watenge mahali pa akina mama kunyonyesha kazini. Kwa mama mwenye mtoto mchanga anayetoka Baba Dogo hadi wizarani na kurudi, siku mbili za kufanyia kazi nyumbani kila wiki zingeweza kuwa msaada mkubwa kuliko chumba chochote. Lakini ni msaada ikiwa tu kazi inapimwa kwa kilichokamilika, si kwa taa ya kijani inayoonyesha yuko mtandaoni.

Je, wajua kwamba majirani zetu nao wana mambo yao?

Rwanda ilibadilisha saa rasmi za kazi kuanzia Januari 2023. Kazi huanza saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na saa moja ya kabla ya hapo, kati ya saa mbili na saa tatu, mfanyakazi anaweza kuitumikia ofisini au kwingineko. Ni saa moja tu, lakini inampa mzazi nafasi ya kumpeleka mtoto shuleni bila kudanganya bosi.

Jijini Dar es Salaam, watumishi wa umma walielekezwa wafanyie kazi nyumbani tarehe 27 na 28 Januari 2025, kwa sababu barabara zilifungwa kuwapisha viongozi waliohudhuria mkutano wa nishati wa Afrika. Mkutano huo ulihusu kuwafikishia umeme watu milioni 300 barani kufikia mwaka 2030, jambo ambalo bila hilo hakuna kufanyia kazi nyumbani popote.

Na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikubaliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 29 Machi 2022, katika kikao cha wakuu wa nchi kilichofanyika kwa njia ya video. Uamuzi ulioongeza makumi ya mamilioni ya watu kwenye jumuiya ulipitishwa bila viongozi kukusanyika katika ukumbi mmoja.

Ng'ambo ya bahari, Falme za Kiarabu, ambako Waswahili na Wakenya wengi wanafanya kazi, zilianza Januari 2022 wiki ya kazi ya siku nne na nusu kwa serikali kuu. Ijumaa kazi huisha saa sita mchana, na mtumishi anaweza kuruhusiwa kuifanyia nyumbani. Mvua kubwa za tarehe 16 Aprili 2024 zilipoizamisha Dubai, watumishi wa serikali waliambiwa wafanyie kazi makwao siku hiyo hiyo, kwa sababu mfumo ulikuwa tayari. Majuma hayo hayo Mto Nairobi nao ulifurika. Nasi tungefaidika na utaratibu unaojulikana kabla ya maji kufika mlangoni.

Je, wajua kwamba wazo la awali halikuwa watu kubaki nyumbani?

Mwaka 1973, Mmarekani Jack Nilles, mhandisi aliyewahi kushughulikia mitambo ya anga za juu, alianza kuchunguza katika Chuo Kikuu cha Southern California iwapo simu na kompyuta zingeweza kupunguza safari za kwenda kazini. Jaribio lake na kampuni ya bima halikuwafungia watu vyumbani. Liliwapeleka kwenye ofisi ndogo zilizo karibu na makwao. Serikali ya Marekani baadaye ilitunga sheria ya kazi ya mbali, mwaka 2010, kisha tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump akaamuru watumishi warudi ofisini. Mpango unaotegemea agizo la mtu mmoja unaweza kufutwa kwa agizo la mwingine.

Kwa Baba Dogo, wazo la Nilles ndilo lenye maana kuliko yote. Kenya imeshawahi kulitekeleza kwa namna yake: kituo cha kwanza cha Huduma, ambako mwananchi hupata huduma nyingi za serikali mahali pamoja, kilifunguliwa Novemba 2013 katika jengo la Posta jijini Nairobi, na baadaye vingine vikasogezwa karibu na wakazi, kikiwamo cha Eastlands kilichoko Makadara. Serikali pia imeahidi vituo 1,450 vya kidijitali, idadi inayolingana na wadi zote za nchi. Kituo kama hicho katika wadi hii, chenye stima ya akiba, mtandao na vyumba vya faragha, kingempa karani anayeishi hapa dawati la siku mbili kwa wiki. Siku hizo hizo kingempa mzee wa hapa mtu wa kumsaidia bila ada ya saiba.

Je, wajua kwamba Katiba haisemi afisa aketi wapi?

Kifungu cha 232 kinadai huduma za umma ziwe za haraka, zenye ufanisi, zisizopendelea na zenye usawa. Kifungu cha 6 kinaitaka serikali ya kitaifa ihakikishe huduma zake zinafikiwa katika kila sehemu ya nchi, kadiri inavyofaa kwa huduma husika. Hiyo ndiyo mizani. Afisa akiwa nyumbani, ofisini au kwenye ngazi za ghorofa, aulizwe maswali matatu: ombi la mwananchi lilichukua siku ngapi, lilimgharimu kiasi gani, na siri yake ililindwa? Majibu yakiwa mazuri, aendelee kuketi anapoketi. Yakiwa mabaya, kumrudisha kwenye kiti cha ofisi peke yake hakutamsaidia mkazi wa Baba Dogo, kwa sababu foleni ilikuwapo hata kabla ya corona. Anachopaswa kudai mkazi huyu kwa chifu, kwa mwakilishi wadi na kwa mbunge wake ni majibu ya maswali hayo matatu, yakiwa yamebandikwa ukutani pale anapohudumiwa, kila mwezi, kwa lugha anayoisoma.